Haki Pasipo Jina
Mwanamke wa Ndanda akikaa na mwanamume miaka miwili, wakasifika kuwa wameoana, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, yawadhania kuwa mume na mke. Dhana hiyo ikikanushwa mahakamani, jina la mke lamtoka, lakini aweza kudai matunzo. Basi haki yaweza kukaa pasipo jina. Je, yatosha? Denmark iliwapa wapendanao wa jinsia moja haki nyingi za ndoa mwaka 1989, ikawanyima jina; mwaka 2012 ikawapa na jina. Matunzo hudaiwa kwa hakimu, bali jina humtangulia mtu msibani na arusini. Anyimaye jina asiseme kuwa anyima neno tu. Anyima heshima, na yampasa kueleza sababu.