Msitupe Karatasi Iliyobaki

Wajukuu zangu mnaojifunza kuchora na kupiga picha, mkikata umbo la ndege kwenye karatasi nzito, msiitupe karatasi iliyobaki, ile yenye tundu. Mkasi ni mmoja, lakini mkononi mna picha mbili. Mlazeni ndege juu ya karatasi ya kuchapia kwa jua, na juu ya karatasi nyingine ya aina hiyohiyo ilazeni ile yenye tundu, kisha mzitoe zote nje kwa muda uleule. Zikishaoshwa mtamwona ndege mweupe kwenye anga ya buluu, na ndege wa buluu kwenye uwanja mweupe. Mkiwapima kwa rula, wanalingana. Lakini jicho litawaapia kwamba yule mweupe ni mkubwa kidogo, kwa kuwa kitu cheupe kikiwa juu ya giza huonekana kimetanuka.

Nimetaka mlione hilo kwanza kabla sijazungumzia nafasi chanya na nafasi hasi, maana maneno hayo yamekuwa mepesi mno midomoni mwa wanafunzi. Hukariri kwamba chanya ni kitu na hasi ni uwazi unaokizunguka, wakapata alama zao za mtihani, kisha wakaendelea kuchora kitu na kuuacha uwazi ujitunze wenyewe. Uwazi haujitunzi. Ni lazima autengeneze mtu, kwa jicho lilelile na subira ileile aliyotumia kwa kitu chenyewe.

Fotogramu ya jua hufundisha jambo hili kuliko kazi yoyote niijuayo, kwa sababu haina kamera wala penseli ya kujifichia. Unalaza kitu juu ya karatasi iliyopakwa dawa, unaiacha juani, unaosha. Njia ya buluu, sayanotaipu, ilianzishwa na John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1842. Dawa zake ni mbili, zote zina chuma ndani yake: amonia feri sitreti na potasiamu ferisianidi. Gramu 25 za ya kwanza huyeyushwa katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za ya pili katika mililita 100 nyingine, kisha huchanganywa sawa kwa sawa na kupakwa kwa brashi chumbani mbali na jua. Karatasi ikaukie gizani. Vaeni glavu, msitumie vyombo vya jikoni, na dawa hizi msizipashe moto mkali wala kuzichanganya na asidi kali, kwa sababu zinaweza kutoa gesi ya sumu. Hapo sina mzaha.

Mwanga ukigusa karatasi hujenga buluu isiyoyeyuka. Palipofunikwa, dawa hubaki na kuondoka na maji, pakabaki peupe. Kwa hiyo mahali ulipoweka kitu hapaandikwi chochote. Kinachoandikwa ni kila kilichokuwa nje yake. Yaani uwazi ndio unaochapwa, na kitu chako ndicho kilichoachwa.

Aliyelielewa hili mapema kuliko wengi ni Anna Atkins. Alizaliwa mwaka 1799 huko Tonbridge, katika jimbo la Kent, akalelewa na baba mwanasayansi, John George Children. Ujanani alichora konokono na makombe kwa ajili ya kitabu alichotafsiri baba yake, kwa hiyo mkono wake uliujua mstari. Alipogeukia mwani wa pwani za Uingereza, aliona kwamba mimea mingine ni myembamba na midogo mno kuchorwa kwa usahihi. Herschel alikuwa rafiki wa familia, na njia yake ilikuwa bado mpya. Mwaka 1843 Atkins alianza kutoa sehemu za kitabu cha mwani chenye picha za sayanotaipu, akaendelea hadi 1853, na wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za mwanga. Nakala moja kamili ina picha karibu 400. Hakuwa na negativu ya kurudiarudia. Kwa kila nakala ilibidi mwani ulazwe tena juu ya karatasi mpya na kutolewa tena juani. Hata maandishi ya kitabu aliyachapa kwa njia hiyohiyo, yakatokea meupe juu ya buluu.

Zitazameni picha hizo mkizipata, ziko kwenye makumbusho makubwa na nyingi zimewekwa kwenye intaneti. Msitazame mwani peke yake. Tazameni pale unaposimama: mara nyingi katikati ya ukurasa, buluu pana imeachwa pande zote, matawi yametandazwa ili mwanga upenye kila pengo. Nyuzi mbili zikigusana, pengo lao hufa na wewe huwezi tena kuzitofautisha. Yule mama alikuwa mtaalamu wa mimea, akitaka kila tawi litambulike, na hitaji hilo la kisayansi likamfanya ayapange mapengo kwa uangalifu ambao wasanii wengi hawana. Mimi ningewapa wanafunzi picha zake kabla ya fotogramu za msanii Man Ray za Paris za mwaka 1922, ingawa hizo ndizo zinazosifiwa zaidi. Man Ray anashangaza. Atkins anafundisha.

Sisi wa pwani hii ya Zanzibar tuna mwani wetu, huko Paje na Jambiani kinamama wanaulima kwenye vigingi na kamba. Ule wa kulimwa ni mnene, huzuia mwanga wote na kutoa umbo jeupe pee. Ule laini wa kijani unaoachwa maji yakipwa ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu, hupitisha mwanga kiasi, nanyi mtapata buluu nyepesi za kati. Suuzeni chumvi kwanza na mkaushe kidogo kati ya magazeti, kisha bananisheni na kioo.

Jua letu nalo ni mwalimu mwenye tabia zake. Hapa Zanzibar hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo simamisheni kikombe juu ya karatasi, kitaacha duara lake tu. Rudieni saa kumi alasiri, kikombe kilekile kitameza nusu ya ukurasa, na uwazi mliokuwa nao utakuwa umbo jingine kabisa. Ncha ya kivuli kirefu itafifia pia, kwa sababu jua linasogea wakati picha bado inaiva. Na jua si nukta, lina upana. Kitu kikiinuka sentimita 10 juu ya karatasi, ukingo wa kivuli chake hulainika kwa karibu milimita 1. Hivyo jani lililobanwa na kioo huwa na ukingo wa wembe, na jani lililojikunja huwa kali hapa na laini pale. Wengine hulihesabu kosa. Mimi naliona kuwa nyenzo: pale ukingo unapolainika, uwazi unaingia ndani ya kitu.

Msipopata dawa za buluu, kuna manjano. Ikorogeni kwenye spiriti, chujeni, pakeni karatasi, ikaushieni gizani, kisha mlaze jani na kuiacha kwenye jua kali kwa saa kadhaa. Hapa mambo yanapinduka: jua linaondoa rangi badala ya kuijenga. Jani litabaki la njano na uwazi utapauka. Picha hiyo haidumu kwenye mwanga, itunzeni ndani ya kitabu. Fanyeni jani moja kwa njia zote mbili, ikiwezekana la mpapai, kwa sababu vidole vyake vina mapengo makubwa yenye sura. Wekeni picha mbili pamoja, kisha chukueni penseli mchore mapengo tu, moja baada ya jingine, bila kuligusa jani. Mkimaliza, jani litakuwa limeshajichora.

Mpaka hina stadi anaijua kazi hii. Anapoinama juu ya kiganja cha bibi harusi, anayapima maua pamoja na ngozi itakayobaki kati yake, na hina ikibanduka, ile ngozi iliyoachwa ndiyo inayoyafanya maua yaonekane. Vijana wengi wa sanaa wanaogopa nafasi kama hiyo. Wakiona kona tupu, wanaongeza ua, kisha kipepeo, kisha jina lao. Nawasihi muiondoe hofu hiyo. Kabla ya kutoka juani, ondoeni kitu kimoja mlichoweka. Kisha sogezeni kilichobaki hadi kiguse ukingo wa karatasi, au kivuke ukingo kabisa, ili uwazi uliokuwa umezunguka kama bahari ugawanyike vipande viwili vitatu, kila kimoja na umbo lake.

Mkishazoea meupe na buluu, jaribuni rangi za kati. Lazeni kitana na jani. Katikati ya muda ondoeni jani mkiacha kitana, na mahali pa jani patakuwa na buluu hafifu, si kitu wala si uwazi. Dakika 5 hadi 10 za jua la mchana mara nyingi zinatosha, lakini msiitegemee saa peke yake, tazameni karatasi iliyo wazi: hutoka njano ya kijani, ikawa buluu, mwisho ikawa kama kijivu cha shaba. Osheni hadi maji yatoke bila unjano. Maji ya visima vyetu yana chokaa ya matumbawe, nayo hupunguza buluu, kwa hiyo kingeni ya mvua au mtie matone ya siki. Mkichapa kwenye kitambaa, msikifue kwa sabuni ya unga, itaila buluu yote. Na kabla hamjaziweka karatasi juani, andikeni kwa penseli nyuma ya kila karatasi tarehe, saa, hali ya mawingu na muda mnaokusudia kuiacha juani, maana wiki ijayo mtataka kuirudia ile iliyotoka vizuri na hakuna hata mmoja wenu atakayekumbuka.