Mgeni Mdogo Kupita Wageni Wote

Ndugu wakatekumeni, sikilizeni habari ya nyumba moja ya mtaa wa Lumumba, mjini Bunia. Humo walikaa mume na mke vijana, wote wawili wakijiandaa kwa Ubatizo Mtakatifu. Walipata tumaini la mtoto, lakini kabla ya mwezi wa pili kutimia, mimba ikatoka. Nayo ilikuwa mara ya pili. Mke akalia usiku kucha.

Asubuhi akaja mama yake mume, akaketi, akasema: «Mwanangu, mke wako amefungwa tumbo. Au labda yeye mwenyewe ana neno alilolificha. Chukua mbuzi, twende kwa mganga atupigie ramli, tujue ni nani aliyetenda haya. Mkeo akikataa, na arudi kwao.»

Kijana akakaa kimya. Alimpenda mke wake, na mama yake alimheshimu. Tena alikuwa ameahidi mbele ya Wakristo kuziacha ramli zote. Mwishowe akajibu: «Niwie radhi, mama. Kabla ya kumfungua mbuzi, nitampeleka mke wangu kwa Sista wa kituo cha afya.» Mama akaguna, lakini akawafuata.

Sista aliyewapokea alikuwa mkunga wa miaka mingi. Akampima mke yule kwa upole, kisha akawaketisha wote watatu, akawaeleza jinsi mwanadamu anavyoanza. Maneno yake yafaa kila nyumba, nayo ndiyo haya.

Kila mwezi mwili wa mwanamke hukomaza yai, na kwa kawaida ni moja tu. Yai hilo ni dogo sana: mayai 10 yakipangwa mstari, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Watu wa kale hawakulijua. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha kwamba baba ndiye atoaye umbo la mtoto, na mama hutoa kitu cha kufinyangwa tu. Hata leo wako wanaosema kwamba baba ni mpanzi na mama ni shamba. Lakini mwaka 1827 mtaalamu Karl Ernst von Baer aliliona yai la mnyama anyonyeshaye kwa hadubini, yaani kioo kikuzacho vitu vidogo. Na leo yajulikana kwamba baba na mama hutoa kwa usawa: baba nyuzi 23 za urithi, ziitwazo kromosomu, na mama 23, jumla 46. Tena mtoto kuwa wa kiume au wa kike hutokana na mbegu ya baba. Basi mume amlaumuye mke kwa kuzaa mabinti watupu anamlaumu asiyehusika.

Mbegu ya baba hukutana na yai ndani ya mrija mwembamba uelekeao mji wa mimba, yaani tumbo la uzazi. Hapo safari ya mgeni huanza. Siku moja hivi ikipita, chembe ile moja hugawanyika kuwa mbili. Siku ya tatu zimekuwa kama nane. Siku ya tatu au ya nne huyo mgeni hufika mji wa mimba, akiwa bado ndani ya ganda lake jembamba. Siku ya tano amekuwa kama kibofu kidogo chenye maji ndani, tena chembe zake zimekwisha kugawana kazi: za nje zitafanya kondo, ambalo kwalo atalishwa; za ndani zitafanya mwili wake. Ndipo hulipasua ganda na kutoka, kama kifaranga.

Mama hajui neno. Analima, anateka maji, anakwenda sokoni. Lakini mwili wake umekwisha kutandika kitanda: ukuta wa mji wa mimba umekuwa mnene, laini, umejaa damu. Siku ya sita au ya saba mgeni hugusa ukuta huo na kushikamana nao. Kidogo kidogo huingia ndani yake, hata yapata siku ya kumi na mbili amefunikwa kabisa, kama mbegu udongoni. Naye hutuma ujumbe katika damu ya mama, kana kwamba asema: «Nimefika, msikitandue kitanda.» Mwili wa mama husikia, na damu ya mwezi haiji. Ujumbe huo ndio unaotafutwa na wauguzi wanapopima mimba. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hapigi hodi kwa sauti, na mwenyeji humkaribisha kabla ya kujua jina lake.

Tazameni basi jinsi anavyokua. Yapata siku ya 22 moyo wake huanza kupiga. Yapata siku ya 28 mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umekwisha kufungwa. Juma la nane likiisha, urefu wake ni kama sentimita 3, naye ana mikono, miguu na vidole.

Sista alipofika hapo, mke akauliza kwa sauti ndogo: «Mama Sista, mbona wangu hawakukaa? Nilikosa nini?»

Sista akajibu: «Hukukosa neno, mwanangu. Katika mimba 100 zilizokwisha kujulikana, 10 hata 20 hivi hutoka zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Nyingine hutoka hata kabla mama hajajua. Katika zile zitokazo mapema, karibu nusu ni kwa sababu hesabu ya kromosomu haikutimia sawasawa tangu siku ya kwanza, na mtoto hawezi kuendelea kukua. Hilo halitoki kwa jirani mwenye kijicho, wala kwa ugomvi, wala kwa dhambi iliyofichwa. Nyakati nyingine yako magonjwa, kama malaria au kaswende. Kwa kuwa imekuwa mara mbili, mtapimwa, wewe na mumeo pamoja.»

Mke akauliza tena: «Na hao wawili, ambao hawakubatizwa, wako wapi?»

Sista akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba Kanisa huwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, atakaye watu wote waokoke. Yezu aliwaita watoto waende kwake, akawakemea waliowazuia. Wewe uliwapenda kwa majuma machache. Yeye aliwapenda kabla yako. Waombee, nawe utumaini.»

Ndipo mama mkwe akainama, akajifunika uso kwa kitenge. Akasema: «Hata mimi, kabla ya kumzaa huyu, mmoja alitoka. Wakaniita mchawi katika nyumba ya mume wangu. Nikanyamaza miaka yote hii. Na leo nimemtwika mwenzangu mzigo ule ule.» Akamgeukia mke wa mwanawe, akamshika mkono: «Nisamehe, binti yangu.»

Wakarudi Lumumba. Mbuzi hakwenda kwa mganga. Alichinjwa nyumbani, na mama mkwe mwenyewe akapika mchuzi, akamnywesha binti yake hata nguvu zikamrudia.

Ndugu wakatekumeni, fikirini sasa fumbo kubwa zaidi. Mwana wa Mungu angeweza kushuka duniani akiwa mtu mzima, lakini hakutaka. Bikira Maria alipomkubalia malaika Gabrieli, Neno alifanyika mtu tumboni mwake. Akapita njia ile ile ya udogo. Maria akaondoka kwa haraka kwenda milima ya Yudea, safari ya siku kadhaa kwa miguu, kumtazama Elizabeti, aliyekuwa na mimba ya mwezi wa sita. Yezu alikuwa bado mchanga kabisa, hakuna jicho la mwanadamu lililoweza kumwona. Hata hivyo Yoane akaruka kwa furaha tumboni mwa mama yake, na Elizabeti akamwita Maria mama wa Bwana wake. Hakungoja azaliwe ndipo amwite Bwana. Kwa sababu hiyo Kanisa huadhimisha tarehe 25 Machi siku Bwana alipoingia tumboni, na miezi tisa baadaye, tarehe 25 Desemba, siku alipozaliwa.

Kwa hiyo Kanisa hufundisha kwamba uhai wa mwanadamu uheshimiwe na kulindwa tangu kutungwa kwa mimba. Nalo lilikumbusha hivyo tena katika maagizo yaliyotolewa Roma mwaka 1987. Asiyeonekana kwa macho huonekana na Mungu. Ni kosa zito kumwua kwa makusudi. Vilevile ni kosa kumtesa mama aliyempoteza bila kutaka.

Basi mume Mkristo afanye nini? Asingoje tumbo lionekane ndipo amtunze mkewe. Maboga, maharage, lengalenga na sombe viwe chunguni mapema. Vidonge vya asidi ya foliki kutoka kituo cha afya vianze hata kabla ya mimba, kwa maana uti wa mgongo wa mtoto hufungwa upesi. Mke alale ndani ya chandalua. Asinywe pombe wala lutuku, wala dawa za mizizi asizozijua. Akiona maumivu makali chini ya tumbo, au damu, au kizunguzungu, apelekwe hospitali mara moja. Kwa maana nyakati nyingine mgeni hujishikiza mrijani, asifike mji wa mimba, na mrija ukipasuka mama aweza kufa.

Maswali ya kujifunza

1. Mtoto hupata urithi wake kwa nani? — Kwa baba na mama sawasawa: kromosomu 23 kwa kila mmoja.

2. Mtoto hujishikiza lini katika mji wa mimba? — Huanza yapata siku ya sita au ya saba. Yapata siku ya kumi na mbili amefunikwa kabisa.

3. Mimba ikitoka yenyewe, je, ni uchawi au adhabu ya mama? — Sivyo. Mara nyingi ni kwa sababu mwanzo wa mtoto haukutimia, au kwa ugonjwa. Mama afarijiwe, wala asihukumiwe.

4. Mwana wa Mungu alianza wapi uhai wake wa kibinadamu? — Tumboni mwa Bikira Maria, mdogo kama kila mmoja wa wanadamu.

Ee Maria, uliyempokea mgeni mdogo kupita wageni wote, uwaombee mama wote wa Ituri, wale wanaobeba mimba na wale wanaolia. Amina.