Uso wa Mtu si Mali ya Kuokota

Katika shule zenye chama au darasa la upigaji picha, kazi mojawapo ya mwanzo apewayo mwanafunzi, baada ya kuizoea kamera, ni kupiga picha za watu. Huambiwa alete sura tano: ya mzee, ya fundi akiwa kazini, ya mchuuzi, ya mwenzake, na yake mwenyewe. Kazi hii humfunza mengi. Huona kuwa mwanga wa dirishani ni mpole kuliko jua la saa sita, kuwa kivuli cha kofia huweza kulificha jicho, na kuwa mtu aliyechoka kungoja hugeuka uso. Lakini ndani ya kazi hii limo swali ambalo si la mwanga wala la kivuli: Je, mtu ana haki gani juu ya uso wa mwenziwe?

Wapo wasemao kuwa swali hili halina uzito. Macho hayana pazia, husema. Aliyetoka nje amekubali kuonwa, na kamera ni jicho tu. Hoja hii ina sehemu ya kweli, kwani hakuna awezaye kwenda sokoni akawaamuru watu wafumbe macho. Lakini kamera si jicho tu. Jicho huona likasahau. Kamera huona ikaweka. Anitazamaye njiani, nami naweza kumtazama. Achukuaye sura yangu huenda nayo nisikokujua, ikasimama mbele ya watu nisiowajua, ikasema mambo ambayo mimi sikuyasema. Kwa hiyo ruhusa ya kutazama siyo ruhusa ya kuchukua, kama ruhusa ya kupita shambani isivyokuwa ruhusa ya kuvuna.

Tutazame mfano mmoja. Mwezi wa Machi 1936, wakati wa dhiki kuu ya Marekani, Dorothea Lange, mpiga picha aliyeajiriwa na serikali, alifika katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Baridi kali ilikuwa imeharibu mazao na watu walikuwa na njaa. Alimkuta mama wa miaka 32 chini ya turubai pamoja na watoto wake, akampiga picha chache, akaondoka bila kumwuliza jina. Picha moja ikawa miongoni mwa picha mashuhuri mno za karne ile. Gazeti lilipotoa habari za kambi hiyo pamoja na picha, serikali ilipeleka ratili 20,000 za chakula. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kuhama na wanawe. Jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana na watu hadi 1978. Alipopata nafasi ya kusema, alisema kuwa hakupata hata senti moja kwa picha ile, na kwamba ingekuwa heri asingepigwa. Binti yake mmoja alieleza baadaye kuwa picha ile iliwatia haya.

Si haki kumhukumu Lange kuwa mwovu. Nia yake ilikuwa njema, picha ile ilikuwa mali ya serikali wala si yake, na wenye njaa walipata chakula. Hapa ndipo penye ugumu. Tendo lililowafaa wengi lilimwacha mmoja na uchungu, na huyo mmoja ndiye aliyetoa uso wake. Wema wa nia haufuti deni. Labda jina lake, na maneno machache ya kumweleza picha inakokwenda, yasingepunguza chakula hata ratili moja.

Atatokea wa kupinga, aseme: ukiomba idhini kwanza, ukweli hukimbia. Mtu hujinyosha, hupangusa uso, hutabasamu tabasamu ambalo si lake. Jibu la hoja hii tunalipata Bamako, katika nchi ya Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948. Waliokuja kwake walikuja kwa hiari, wakalipa, wakachagua namna ya kuonekana. Studio ilikuwa na saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa, na asiye navyo aliazima. Je, picha hizo ni za uongo? La. Zinatuonyesha jinsi watu wale walivyotaka kujulikana, na hilo nalo ni kweli juu ya mtu, tena kweli ambayo mwizi wa sura hawezi kuipata. Na jambo la kufikiri ni hili: mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York bila jina lake, ikaandikwa kuwa mpigaji hajulikani. Kukosa jina kuliompata mama wa California kukampata na mpiga picha mwenyewe.

Sheria ya Kenya imelitambua jambo hili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa habari yake mwenyewe. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Lakini sheria ni ua wa nje tu. Sheria hutaka kujua kama mtu alikubali. Dhamiri huuliza kama aliweza kukataa. Bibi auzaye mboga kando ya njia, akiombwa na mwanafunzi aliyevaa sare safi, huenda akaitikia kwa sababu amezoea kutomnyima mgeni. Mgonjwa, mwombaji na mtoto mdogo nao huitikia kwa udhaifu wao. Ndiyo ya adabu au ya unyonge si ndiyo ya hiari, na mpiga picha mwungwana hujifunza kuitofautisha kama ajifunzavyo kutofautisha nuru na giza.

Basi mwanafunzi atakayetumwa kuleta sura tano aanze na ya mwisho. Akae yeye kwanza mbele ya kamera ya mwenzake, aonje ilivyo kutazamwa bila kujua ataonekanaje. Kisha aende kwa watu na salamu kabla ya kamera. Amwulize mtu jina, amweleze picha itawekwa wapi na nani wataiona, amwonyeshe aliyoipiga, na akiambiwa aifute, aifute bila kununa. Akiahidi kuleta nakala, ailete; ahadi hiyo husahauliwa upesi na mpigaji, lakini aliyepigwa huingoja. Huenda akarudi darasani na sura tatu badala ya tano. Mwalimu mwenye busara atamwuliza habari za hizo mbili zilizokosekana, na akisikia kuwa wenyewe walikataa naye akawaacha, atampa alama zake kamili.