Risasi Iliyojaa Kiganjani

Kijana mmoja wa kusini mwa Uingereza alipewa ruhusa na mkulima apunguze sungura waliokuwa wakimmalizia ngano changa. Akaenda kununua bunduki ya hewa. Muuzaji alimtolea za vipenyo vitatu: milimita 4.5, 5.5 na 6.35. Kijana hakuuliza mengi. Alizipima risasi kiganjani, akachukua iliyo nzito kuliko zote.

Sheria ya huko haishughuliki na unene wa risasi, hushughulika na nguvu inayotoka mtutuni. Bunduki isiyozidi futi-ratili 12, yaani jouli 16 hivi, haihitaji cheti cha silaha cha polisi. (Uskoti wao wanadai leseni hata kwa hizo, tangu mwisho wa 2016.) Zote tatu pale dukani zilikuwa za kiwango hicho, kwa hiyo alilipia unene tu, nguvu ni ileile. Risasi ya 4.5, yenye uzito wa nusu gramu na ushei, hutoka kwa mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde. Ya 6.35, yenye gramu 1.6, haipiti sana 140. Inayokawia njiani huvutwa chini zaidi.

Aliirekebisha darubini yake kwa umbali wa mita 25, akaenda shambani jioni. Sungura akatokea kando ya ua wa miti. Kijana akakisia mita 25, akalenga kichwa, akafyatua. Kumbe zilikuwa 35. Risasi ilishuka kama sentimita 10, ikavunja mguu wa mbele, na mnyama akajikokota hadi shimoni. Kwa 4.5, kosa lilelile la kukisia lingeishusha sentimita mbili au tatu, na ubongo wa sungura una upana wa kama hizo.

Mkulima alikuwa amesimama langoni.

“Ulipima umbali?”

“Nilikisia, mzee.”

“Basi usirudi na hiyo mpaka ujue kupima.”

Jumamosi akaipeleka klabu ya shabaha, angalau ipate kazi. Wakamrudisha mlangoni: mashindano ya mita 10, yale yaliyoingia Olimpiki mwaka 1984, hupigwa kwa 4.5 pekee, na alama ya kumi katikati ya karatasi ina nusu milimita.

Mimi siidharau 6.35. Kwa mwenye cheti na bunduki ya nguvu kubwa ni silaha nzuri, na hata hiyo dhaifu huua panya ghalani kwa mita 10 bila shida. Ya 5.5 nayo ina wapenzi wengi miongoni mwa wawindaji wa sungura, ila wamezoea mkunjo wake na hupima umbali kabla ya kugusa kifyatulio. Kijana aliiuza yake kwa hasara, akanunua 4.5, na kabla ya kurudi kwa mkulima alipigilia vigingi shambani kila baada ya mita tano.