Tundu la Chini

Mwezi huu nataka kuwauliza neno dogo ambalo limenisumbua moyoni siku nyingi: Je, mtu aweza kuwa na hatia kwa dhara asilojua kama amelileta yeye?

Hapa kwetu Picha ya Ndege, mkipita nyumba kwa nyumba mtaona barazani vyungu vya maua vya namna mpya. Ni ndoo zilizokwisha rangi, madebe ya mafuta, chupa za maji zilizokatwa, hata matairi. Watu huvipaka rangi nyekundu, manjano na buluu, wakapanda humo mrehani, asumini na mshubiri. Kazi hii ni njema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku katika nchi yetu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na ndoo zingalipo, na kuzitumia tena ni afadhali kuliko kuzitupa mferejini.

Mimi nami nalifanya hivyo masika ya mwaka ule. Nalipanga madebe manane, na wapitao wakayasifu. Ila sikuyatoboa chini, maana naliogopa yasije maji ya matope yakachafua sakafu. Mvua ikanyesha, maji yakasimama juu ya udongo. Mwaka huo huo homa ya dengi ilienea Dar es Salaam, kama ilivyoenea mwaka 2014, na mtoto wa jirani yangu akaugua. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini siku niliyotoka kwenda kumtazama nalipita kando ya madebe yangu, nikaona viluwiluwi vya mbu vikicheza majini.

Basi nikajitetea: mbu ana mabawa, nani ajuaye alikotoka? Hata leo sijui. Lakini utetezi huo haukunipa raha. Mbu wa dengi huuma mchana, hutaga katika vyombo vidogo vyenye maji, wala haruki mbali. Aghalabu hukaa karibu na pale alipozaliwa. Mayai yake hushikamana na ubavu wa chombo, na chombo kikikauka yaweza kungoja miezi mpaka mvua irudi. Tena mjini kwetu Kibaha kilifunguliwa mwaka 2015 kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi, kwa ushirikiano na nchi ya Kuba. Wataalamu walivuka bahari kuja kutusaidia kuwaangamiza mbu, nami nawafuga barazani!

Torati yamwamuru ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka. Angalieni: amri hiyo haingoji mtu aanguke kwanza. Kwa hiyo swali lililonipasa si kama mbu yule alikuwa wangu, bali kama nalitimiza lililo juu yangu. Swali hilo naweza kulijibu, na jibu lake ni la, sikutimiza.

Wengine watasema, Basi tuviache vyungu hivi. Sivyo. Chombo kilichotupwa jalalani nacho hushika maji vile vile. Kinachotakiwa ni msumari tu. Toboeni chini matundu matatu au manne, tieni kokoto, kisha wekeni chombo juu ya mawe ili maji yapite. Tairi nalo litobolewe, maana hushika maji katika mkunjo wake wa ndani. Visahani vya chini vimwagwe na kusuguliwa kila juma. Mmea nao utapata faida, kwa kuwa mizizi isiyopata hewa huoza. Na chombo kilichokuwa na sumu ya wadudu msikitumie kabisa. Rangi haiondoi sumu.

Rangi huonwa na kila apitaye, naye hutusifu. Tundu la chini halionwi na mtu ye yote, wala hatutasifiwa kwa ajili yake. Lakini mtoto wa jirani hucheza salama kwa sababu ya tundu, si kwa sababu ya rangi.

Madebe yangu manane yangalipo barazani. Rangi zake zimefifia, na sakafu ina madoa ya matope. Nimeyaacha.