Spika za Mzee wa Upanga

Mzee mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, alistaafu kazi ya bandarini akiwa na hamu moja: kuzisikia nyimbo za Mlimani Park Orchestra sebuleni kwake kama alivyozisikia ukumbini. Bendi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1978 yeye alikuwa kijana wa kucheza hadi alfajiri. Akatenga sehemu ya kiinua mgongo kwa ajili ya spika, na hakutaka za bei poa. Simlaumu. Aliyebeba mizigo ya watu miaka yote hiyo ana haki ya kustarehe.

Alipokwenda Dubai kumtembelea binti yake, akaingia duka lenye chumba maalumu cha kusikilizia: zulia zito, mapazia manene, kiti kimoja cha ngozi kilichokaa mbali na kuta. Mbele yake jozi mbili. Ya kwanza ndefu, inamfika kifuani, mbao zimeng'arishwa, wufa mbili kila upande na tundu la kupumulia nyuma. Ya pili fupi, ya kuwekwa juu ya stendi, boksi lake limezibwa pande zote. Bei hazikupishana sana. Muuzaji akapiga wimbo kwenye ndefu, akabonyeza swichi ukahamia kwenye fupi, sauti ya amplifaya akaiacha palepale.

Hapo ndipo mzee alipopotea. Karatasi za spika huonyesha sauti inayotoka zikipewa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Ndefu zilikuwa za desibeli 90, fupi 86. Desibeli 4 zinaonekana kitu kidogo, lakini ili fupi zilingane na ndefu zilihitaji nguvu ya umeme mara mbili na nusu. Spika mbili zikipishana kiasi hicho, sikio huwa linaipa ushindi ile iliyo juu: besi imejaa, waimbaji wamesogea, magitaa yanang'aa. Macho nayo huchangia. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walizipa spika alama zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, kisha wakiziona. Zilipoonekana, zile kubwa za fahari zikapanda na ile ndogo ya bei rahisi ikashuka, ilhali spika ni zilezile.

Mzee akanunua ndefu. Zikaja kwa kontena, zikapandishwa ghorofa ya tatu mabegani mwa vijana.

Sebule yake ni kama nyingi za mjini: kuta za matofali ya saruji, sakafu ya marumaru, makochi yameegemea kuta ili katikati pabaki peupe. Toka ukuta wa spika hadi ukuta wa kochi lake ni mita 4.2. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linalojirundika likienda na kurudi katika nafasi hiyo ni la hezi 41 hivi. Na hiyo ndiyo noti ya waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa. Kila mpiga besi alipougusa waya ule, chumba kizima kiliitikia, vikombe vikatetemeka kabatini, na noti zilizofuata zikamezwa.

Akaitwa fundi.

"Shikamoo mzee. Tatizo nini?"

"Marahaba mwanangu. Besi imezidi. Inavuma kama lori limeegeshwa humu ndani."

Fundi akasimama katikati ya sebule, akatega sikio. "Mbona hapa nilipo ni kama haipo?"

Wakabadilishana nafasi, na kila mmoja akamwelewa mwenzake. Wimbi la namna hiyo hujaa kwenye kuta na kufifia katikati, na kochi la mzee lilikuwa ukutani kabisa. Alikwisha kununua mazulia na mapazia mazito. Yalituliza mwangwi wa marumaru, lakini wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na pazia halina la kulifanya. Fundi akashauri spika zisogezwe mbele na kochi livutwe mita moja kutoka ukutani. Nafuu ikapatikana kidogo, ila wageni wakakosa pa kupita. Mkewe akasema lake: "Baba watoto, hii ni sebule au ukumbi wa dansi?"

Zile fupi zingekaa vizuri mle. Boksi lililozibwa hupunguza besi taratibu kadiri noti zinavyoshuka, na kuta za chumba kidogo hujazia pale inapopungua. Wahandisi wa BBC, miaka ya mwanzo ya 1970, walibuni spika ndogo ya namna hiyo, LS3/5A, kwa ajili ya kazi kwenye magari ya matangazo ambako nafasi ni finyu, na hadi leo watu wanaitafuta. Mzee angekwenda dukani na vipimo vya sebule yake mfukoni, pamoja na nyimbo anazozijua noti kwa noti. Angemwomba muuzaji ateremshe sauti ya ndefu mpaka zilingane na fupi. Programu ya simu ya kupimia desibeli inatosha kwa kazi hiyo. Angekaa na kila jozi nusu saa, macho ameyafumba.

Mwishowe aliziuza kwa hasara, kwa mtu wa Kigamboni mwenye sebule ya mita 8 na viti vilivyokaa katikati. Huko zinapiga vizuri sana.