Nia ya Ndoa Mbele ya Afisa Uhamiaji

Anayeomba ukaazi wa Marekani kwa njia ya ndoa hutakiwa kuthibitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ndoa ilikuwa halali pale ilipofungwa. Hili halina tabu kubwa: cheti cha ndoa hulimaliza, pamoja na cheti cha talaka au cha kifo ikiwa mmoja wao aliwahi kuoa au kuolewa kabla. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu huambatanishwa na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri hutamka kwa maandishi kwamba tafsiri ni sahihi na lugha hizo anazimudu. La pili ndilo gumu: siku ya kuoana, wawili hao walikusudia kweli kuishi kama mume na mke? Cheti hakijibu swali hilo.

Msimamo huu ulitiwa nguvu na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1953, katika kesi ya Lutwak. Askari wastaafu watatu walikuwa wamefunga ndoa na wakimbizi mjini Paris mwaka 1947, ili wakimbizi hao wanufaike na sheria ya 1945 iliyowafungulia mlango wenzi wa wanajeshi. Mahakama haikujishughulisha na kama ndoa zile zilikuwa halali kwa sheria za Ufaransa. Kilichowatia hatiani waliopanga njama hiyo ni kwamba hapakuwa na nia ya kuishi pamoja hata siku moja.

Dini zilikutana na swali hili karne nyingi kabla ya kuwapo pasipoti. Katika Uislamu mfano ulio karibu zaidi ni wa mhalili, yaani mwanamume anayemwoa mwanamke aliyepewa talaka tatu kwa lengo la kumwacha, ili mume wa kwanza aweze kumrudia. Ndoa ya mhalili ina walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli (kutoa na kukubali), lakini nia ya kuishi pamoja haimo. Malik na Ahmad bin Hanbal waliona kwamba nia ya kuachana, hata ikifichwa, inaibatilisha ndoa. Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, alihukumu kwa kilichotamkwa: kama sharti la kuachana halikuingizwa kwenye akdi (mkataba wa ndoa), ndoa inasihi, ingawa kitendo chenyewe ni makuruhu. Yaliyo moyoni huachiwa Mungu, na binadamu akabaki na aliyoyasikia.

Kanisa Katoliki limeshika njia ya katikati. Kanuni ya 1101 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inachukulia kwamba maneno ya maarusi yanalingana na mioyo yao, lakini ikithibitika kwamba mmoja wao aliikataa ndoa kwa makusudi huku akitamka kiapo, hakuna ndoa. Kanuni ya 1060 inaongeza kwamba penye shaka ndoa huhesabiwa kuwa halali mpaka ithibitike vinginevyo.

Hapa ndipo sheria ya uhamiaji inapoachana na mashekhe na mapadri. Kwa afisa, mzigo wa ushahidi uko mabegani mwa wanandoa. Kiwango chenyewe si cha juu sana, kwani yatosha uwezekano wa ndoa kuwa ya kweli uzidi ule wa kuwa ya uongo, lakini kimya chao hakiwasaidii. Ndiyo sababu ya faili la ushahidi. Kanuni zinataja hati za mali ya pamoja, mkataba wa pango wenye majina yote mawili, fedha zilizochanganywa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na viapo vya watu wanaoijua ndoa hiyo.

Orodha hiyo imechorwa kwa kuangalia maisha ya mjini Marekani. Bi arusi anayeishi kwa wakwe zake Tanga hana mkataba wa pango. Mume aliye ughaibuni hutuma matumizi kwa simu, mara nyingi kwa namba ya mama yake, naye mama ndiye anayeyagawa. Wapo pia wenye haya, waliofundishwa kwamba mapenzi ya mume na mke husitiriwa. Picha zao ni chache, na kwa nje hizo chache zinafanana na za mtu na dada yake. Ndoa kama hizo zinaweza kuwa imara kuliko nyingi zenye albamu nene. Kwao kiapo cha jamaa kina thamani kubwa, mradi shahidi ajitambulishe kikamilifu na aeleze alivyoyajua anayoyasema. Barua isemayo tu kwamba wawili hawa wanapendana haina uzito.

Ndoa ya wakala ina mtihani wake. Bwana arusi huwa ughaibuni, wakala wake akaipokea akdi Mombasa, na kwa sheria ya Kiislamu mambo yamekamilika. Sheria ya Marekani haimtambui mwenzi ikiwa wawili hawakuwa mbele ya mmoja na mwenziwe wakati wa kuoana, isipokuwa ndoa iwe imekamilishwa kwa tendo la ndoa baadaye. Mihuri ya pasipoti na risiti za safari iliyofanywa baada ya akdi hugeuka kuwa ushahidi wa jambo ambalo shekhe aliyefungisha hakuwa na haja ya kuliuliza.

Je, kuandaa ushahidi kwenyewe si aina ya riya, yaani kujionyesha? Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya mahojiano imefunguliwa ili ionekane. Hata hivyo riya huharibu ibada, na akaunti ya benki si ibada. Wanaoishi pamoja wakaamua kuyaweka maisha yao kwenye karatasi hawajadanganya. Uongo huanza pale karatasi inapodai kisichokuwapo, kama anwani ya nyumba ambamo mmoja wao hajawahi kulala. Adhabu ya kufunga ndoa ili kukwepa sheria za uhamiaji inaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000.

Afisa akishuku, huweza kuwahoji wawili mbalimbali na kulinganisha majibu. Njia hii ina kasoro yake, kwani waliokariri hulingana vizuri, ilhali mume na mke wa kweli hubishana hata juu ya rangi ya pazia.

Tangu 1986, ndoa isiyotimiza miaka 2 siku ukaazi unapotolewa humpa mgeni ukaazi wa masharti kwa miaka 2. Katika siku 90 za mwisho wanandoa huomba pamoja masharti yaondolewe, na faili hufunguliwa upya. Ikiwa wameshaachana, mgeni anaweza kuomba peke yake, akithibitisha kwamba aliingia katika ndoa kwa nia njema. Talaka hiyo peke yake haithibitishi kwamba ndoa ilikuwa ya uongo. Kinachopimwa bado ni nia ya siku ile walipooana.